Mzee Aliyesindikiza Watu kwa Tramu

Habari ilinikuta kwenye foleni ya mafuta, gari limezimwa, nimelisukuma hatua chache tu tangu asubuhi. Aliyenipigia alisema kwa kifupi kwamba yule fundi wa mashine za kukamulia mawese, mzee wetu wa Rumonge, amefariki. Alikuwa amemsindikiza mteja aliyetoka Bugarama, akamfikisha barabara kubwa, wakaagana. Katika kurudi akakaa kando ya njia apumzike, na hapo ndipo watu walipomkuta. Nililitoa gari kwenye foleni niondoke, kisha nikakumbuka sina mafuta ya kunifikisha kokote, na kugeuka nikakuta nafasi yangu imeshachukuliwa. Tangu siku hiyo sijatulia. Nakaa, nasimama, naandika sentensi mbili nafuta tatu, na mke wangu ameniambia nikalime kama kiti kimenishinda. Sababu ninayo, na leo nitaisema mbele yenu kwa kuwa nimechoka kuibeba: nilijua mzee huyo anaumwa, nikamficha binti yake habari hiyo.

Hatukuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Alikuwa mtu wa mji wangu, basi, mmoja wa wale waliokaa miaka mingi ukimbizini Tanzania wakarudi na ufundi wao mikononi. Mkewe alikwisha kutangulia. Binti yao wa pekee anafanya kazi Brussels, na mwaka juzi alimwita baba yake akae naye mwezi mmoja, moyoni akiwa na nia ya kumbakiza kabisa. Silaha yake ya kwanza ilikuwa kadi ya usafiri: inalipiwa mara moja, kisha mwezi mzima mtu anapanda tramu, zile treni ndogo za barabarani, na mabasi ya mji ule apendavyo. Mimi nilikuwa huko kwa mafunzo ya majuma mawili, binti akaniomba nimzungushe mzee wakati yeye yuko kazini. Siku ya kwanza nilimwona akiigusisha kadi kwenye mashine kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kama tunavyompa kitu mtu wa kuheshimiwa. Nyuma yake watu wamerundikana mlangoni, wanaguna. Nikamnong'oneza kwamba mashine haijui heshima. "Mimi naijua," akanijibu, akaenda kukaa.

Kilichofuata kilinitoa jasho. Mnajua kwamba kwetu mgeni haagwi mlangoni. Unatoka naye, unatembea naye kipande cha njia, na ukimpenda sana mnajikuta mmefika kwake. Mzee alipotambua kwamba kadi yake haipungui hata akipanda mara ishirini, akaitumia kwa kazi hiyo. Kila aliyezungumza naye ndani ya tramu, akishuka, mzee naye anashuka. Alimfikisha mwanafunzi wa Kamerun hadi chuoni. Alimfikisha fundi rangi wa Kireno hadi kazini, na hawakuwa na lugha hata moja ya kuelewana. Binti akirudi jioni anaambiwa kwa simu kwamba baba yuko mwisho wa mji. "Kadi iko, miguu iko," alinieleza, "sasa kwa nini mutu aende peke yake?" Nilicheka, ingawa mimi ni mtu wa haraka na kila kituo tulichoshuka bila sababu kilinikereketa.

Ikaja siku ya daktari wa moyo. Binti alikuwa ameshuku jambo na kuhangaika sana kuipata nafasi hiyo, akanikabidhi baba yake kama mtu anavyokabidhi yai. Ndani ya tramu akaketi karibu nasi mama mmoja mzee wa Uvira, na mifuko miwili ya unga na ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu. Kusikia Kiswahili chetu, akafurahi hadi akafuta macho. Kituo chake kilipofika mzee akanyanyua mfuko mmoja. "Muzee, daktari anatungoja," nikamwambia. Akasema, "Daktari iko na watu wengi. Huyu mama iko na nani?" Tukashuka. Njiani alisimama mara tatu, mkono ukutani, midomo imegeuka rangi, na miguu imevimba hadi viatu vinambana. Mlangoni yule mama alimwambia, "Papa, niko huku tangu zamani. Hakuna mutu alishanifikisha ku mulango." Tulipobaki wawili, mzee akanishika mkono. "Mwanangu, umeniona. Usimuambie mutoto. Akijua atanifunga huku, nami nataka nikafie kwetu." Nikaahidi. Binti alipouliza, nikasema tulipotea njia, na nafasi nyingine haikupatikana kabla mwezi haujaisha na mzee kurudi Rumonge.

Kwa muda mrefu nilijiona nimefanya jambo la kiungwana. Mtu mzima kaamua, mimi ni nani? Siku hizi tumebaki wachache wanaojua kukaa na mtu katika uamuzi wake. Wengi tunaagana mlangoni, jicho kwenye simu, "ukifika unibipe," na tukishalisema hilo tunajihesabu tumesindikiza. Petroli ikikosekana tunapata kisingizio kipya. Lakini juma hili zima kuna jambo linanisumbua ambalo sikuwahi kulifikiri: yule anayesindikiza hurudi bila mtu. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza mzee yule nani atatembea naye kurudi, na mimi niliyeona midomo yake ndiye niliyepaswa kuuliza. Husemwa kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Msaidizi wake hatajwi, naye huketi kwenye kilio hichohicho akipewa chai.

Binti alifika siku ya tatu baada ya mazishi. Nilikuwa nimeshapanga maneno mengi, lakini yeye aliniita pembeni akauliza moja tu. "Kaka, siku ile ya daktari, mulipotea kweli?"

"Hapana," nikasema. "Nilimuona anaumwa. Alinikataza kukuambia."

"Aliogopa nini?"

"Kwamba utamfunga kule."

Nilitamani anitukane, ningepumua. Akasema, "Ningemuacha arudi. Ila tungerudi wote wawili."

Wasomaji wangu, nimeona aibu nyingi katika kazi hii, hakuna iliyonichoma hivyo. Tulimwogopa mtoto yule kwa jibu ambalo hatukumpa nafasi ya kulitoa. Basi mzee akikuomba umfichie wanawe ugonjwa wake, mheshimu, msikilize, kisha mkatalie, maana siri ile itamnyima mtu wa kutembea naye.