Fungu la Mlinda Lango

Zawadi ilipoingia ikiwa pungufu, nilimtazama nahodha wetu miguuni, nikaona amevaa viatu vipya.

Tulikuwa watu watano wa Malindi tulioshinda ligi ya hoki ya barafu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona barafu isiyokuwa ya kutia samaki. Hoki yenyewe ilikuwa ya kwenye kioo, mchezo wa video. Mwenye banda la michezo, mzee aliyeacha uvuvi magoti yalipomkataa, alikuwa ameununua mtambo wake kutoka nyumba ya wageni ya Waitaliano iliyokuwa ikifungwa, na ndani yake mlikuwa na mchezo huo mmoja tu. Wateja walipomuuliza mpira uko wapi, alikionesha kile kisahani cheusi kinachoteleza, akawaambia, "Mpira si huu? Umekaliwa tu."

Tukaujifunza kwa sababu hapakuwa na mwingine. Mwaka wa pili tukajiandikisha katika ligi ndogo ya pwani, timu za watu wenye kazi zao, kutoka Mtwapa hadi kwetu. Kila Jumamosi tulishindana kwa mtandao. Nahodha alikuwa dereva wa bodaboda. Walikuwepo mwalimu wa hesabu aliyetoka bara, fundi wa simu, na mimi. Langoni alikaa dada mmoja wa Jilore, aliyekuwa akiuza maji ya ukwaju kibarazani mwa banda.

Lango hatukulitaka. Mashambulizi yakiwa upande wa pili, mlinda lango hubaki ameshika pedi ya kuchezea akitazama weupe mtupu. Kabla yake tulikuwa tukiiachia kompyuta ilinde. Yeye alijaribu siku ya mvua ambayo ukwaju haukuwa na wanywaji, akawa hodari kuliko kompyuta. Mzee akamwita mfua maji, kama yule anayekaa chini ya mtumbwi akitoa maji kwa kopo huku wenzake wakivuta samaki.

"Mfua maji akilala, babu," dada alimjibu bila kuondoa macho kwenye kioo, "wote mtalala na hao samaki wenu."

Alikuwa na haja moja: cheti chake cha kidato cha nne. Shule ilikuwa imekizuia kwa karo ya elfu kumi, na chuo cha uuguzi kilichokubali kumchukua kilitaka kukiona kabla ya mwisho wa mwezi.

Zawadi ya bingwa ilikuwa elfu sitini. Namna ya kugawana tulikubaliana mapema, kwa sheria ya baharini aliyoitaka mzee: chombo kina fungu lake, kila baharia ana fungu lake. Chombo ni mtambo, umeme na mtandao. Mafungu sita, elfu kumi kumi. Dada aliposikia hesabu hiyo alitoka kwenda kumpimia mteja ukwaju, nusu akaumwaga nje ya bilauri.

Fainali ilichezwa Mtwapa, ana kwa ana, katika ukumbi wa hoteli ulionuka rangi mbichi. Tulitoka sare, zikapigwa penalti, na mpigaji wao wa mwisho alimzungusha dada kushoto, kulia, kushoto tena. Dada hakuzunguka. Alimngoja pale pale kama mtu anayemngoja mdeni wake mlangoni. Kisahani kikamgonga kifuani, na sisi tukambeba mtu ambaye mpaka jana yake tulikuwa tukimtuma soda.

Siku ya tatu nahodha alikuja bandani, akaegemea mlango.

"Zimeingia. Arobaini na nane."

"Sitini," mwalimu akasema.

"Nimesema arobaini na nane. Wamekata."

"Wamekata nini? Kodi? Nywele?"

Nahodha hakucheka. "Tugawe hizi tulizoandikiwa. Elfu nane nane." Akamtazama mzee, na mzee akatazama chini. Niliyaona macho yao hayo na nikayaweka moyoni.

Dada alizikunja noti zake nane za elfu moja moja, akazifunga kwenye pembe ya leso. Alifunga fundo mara mbili. "Mbili nitazitoa wapi?" aliuliza, na hakuwa akituuliza sisi.

Kuanzia hapo sikulala na shaka, nilikaa nayo mezani. Nahodha akipigiwa simu alitoka nje kuipokea. Nilihesabu: mara nne kwa siku mbili. Pikipiki yake ikapata tairi jipya la nyuma. Mzee, ambaye hakuwa mtu wa kusamehe hata dakika tano za mchezo, akamwacha nahodha acheze saa nzima bure. Nilipopita wakanyamaza. Nilipotoa salamu walinijibu kwa upole mno, na upole ule ndio ulionithibitishia kila kitu.

Nikampigia mchezaji mmoja wa Mtwapa, wale tuliowafunga. Nilijifanya nampa pole.

"Nyinyi zenu za nafasi ya pili mlizipata kamili?"

"Kamili kabisa, bwana. Kila mtu na lake."

"Hamkukatwa?"

"Tukatwe kwa nini? Kwani nyinyi mmekatwa?"

Nilikata simu nikiwa na furaha mbaya, furaha ya mtu aliyemkuta mwizi na shati lake.

Jumapili alasiri nikawakusanya wote bandani. Feni ilikuwa ikizunguka bila kupoza. Dada alibaki kwenye kizingiti, mguu mmoja nje, macho kwenye ndoo yake ya ukwaju. Zilikuwa zimesalia siku nne mwezi uishe.

"Shikamoo, mzee," nilianza, ili mambo yawe na heshima.

"Marahaba. Ukianza na shikamoo saa hizi, kuna mtu anataka kuchinjwa."

"Nataka kuuliza sheria tu. Baharini, mtu akipoteza wavu, nani hulipa?"

Mzee alinitazama usoni. "Aliyeupoteza. Kwa fungu lake."

"Na sisi tunafuata sheria ya baharini?"

"Tunaifuata."

"Basi kuna elfu kumi na mbili zimepotea. Aliyezipoteza azilipe kwa fungu lake, aanze na dada. Nani anakataa?"

Mwalimu alikubali. Fundi alikubali. Dada aliingiza na ule mguu wa pili ndani. Nahodha peke yake ndiye aliyetikisa kichwa.

"Ndugu yangu, liache hili."

"Kwa nini tuliache? Toa simu. Tuone walichoandika."

"Una hakika?"

"Toa simu, bwana!"

Akaitoa. Hakunipa mimi, alimpa mwalimu, na mwalimu akasoma kwa sauti ya darasani. Wasimamizi wa ligi walikuwa wameandika kwamba zawadi hulipwa kwa kila mchezaji aliyesajiliwa, elfu kumi na mbili kwa kichwa, na kwamba timu ya Malindi imesajili wachezaji wanne. Chini yake palikuwa na fomu yetu.

Fomu ile niliijaza mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandikia watu barua zao za kazi na za kuomba radhi, na nahodha alinipa fomu kwa sababu, alisema, maneno yangu yana adabu. Palipoulizwa majina ya wachezaji niliandika manne. Mwisho kabisa, penye nafasi ya maelezo mengine, nilikuwa nimeandika sentensi safi, yenye nukta yake: Vilevile tuna dada mmoja anayetusaidia langoni.

Mwalimu aliisoma mara moja. Ingetosha nusu.

"Nimewapigia siku nzima nzima," nahodha alisema, akitazama viatu vyake vipya. "Nikiwaomba wamwongeze. Wamekataa. Nikamwambia mzee tu. Tukaona wewe usijue, usije ukaaibika."

Nilitaka kusema kwamba sikukusudia, na ilikuwa kweli, na ukweli wenyewe ulikuwa mbaya kuliko kukusudia. Jina lake nililijua. Nilikuwa nalitaja kila siku nikiagiza ukwaju.

"Dada," nikaanza.

"Elfu mbili," alisema.

"Chukua zote nane. Tafadhali."

"Zote za nini? Mimi si maskini wa Ijumaa. Nataka zangu mbili."

Nikampa mbili. Alizikagua kwenye mwanga, moja baada ya nyingine, kama noti za mtu asiyemjua.

Mwalimu akakohoa. "Sheria ni sheria, rafiki yangu." Akanyoosha mkono, akapata mbili. Fundi aliona haya, lakini haya haikumzuia kupokea. Mzee akasema chombo nacho kimepungukiwa na hakikufanya kosa lolote. Nahodha peke yake alinisamehe, na msamaha wake ndio ulioniuma zaidi ya noti zote. Nilitoka bandani mfuko ukiwa mwepesi, jua likiwa bado juu.

Cheti alikipata siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Alikuja nacho ndani ya bahasha ya plastiki, akatuonesha mmoja mmoja, bila kumwachia mtu akishike. Chuo kilikuwa hapa hapa mjini, kwa hiyo Jumamosi aliendelea kutulindia lango.

Msimu mpya ulipofunguliwa, nahodha aliuliza nani atajaza fomu. Sikuinua macho. Dada alifuta mikono kwenye leso, akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta ya mzee. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, akizitafuta herufi kama anayechambua mchele. Nilisimama nyuma yake, nikainama kidogo nione ameandika majina mangapi.

Alinisikia nikipumua. Bila kugeuka, akakifunika kioo kwa kiganja.