Wifi Alivyokataa Kurithiwa

Katika miaka ya themanini nilikuwa nafundisha bayolojia shule moja ya sekondari karibu na Malindi. Kaka yangu mkubwa, mfanyakazi wa chumvi huko Gongoni, alikonda, akahara, akakohoa mpaka akafa. Mkewe naye akaugua, halafu akainuka. Akanawiri, akarudi shambani Ganda na jembe lake. Wazee wakasema mganga amemsafisha, basi mdogo wangu wa kiume amrithi, kama ilivyo desturi yetu.

Mimi sikuridhika. Nilimpeleka wifi hospitali, damu yake ikapimwa, na majibu tukapewa sisi wawili tu: virusi vilivyomuua kaka vilikuwamo. Tukiwa njiani kurudi nyumbani akaniuliza, "Wifi, kikohozi kimekwisha, nalima kutwa. Huo ugonjwa umetoka ama haukutoka?"

Nilisomea mambo haya kwa Kiingereza, kwa hiyo nilihangaika kidogo. Nikamwambia kila chembe ya mwili ina maagizo ya asili, yanaitwa DNA. Chembe ikitaka kufanya kazi hunakili kipande cha maagizo hayo kuwa RNA, na kazi hufuata nakala hiyo. Hivyo ndivyo nilivyofundisha darasani, kama kwamba njia ni ya kwenda tu. Virusi hivi huipita kinyumenyume. Huingia na RNA yao, huigeuza kuwa DNA, kisha huipenyeza katikati ya DNA ya mwenye mwili. Tangu hapo chembe haijui kipi chake na kipi cha virusi. Inasoma vyote, na ikigawanyika inarithisha vyote.

Nikajaribu kwa njia ya nyumbani.

"Mgeni akija mjini kwetu akala akaondoka, ni mgeni. Akichanjiana na mwenye mji, wakalambana damu, je?"

"Huyo ni ndugu. Hafukuziki tena."

"Basi mafua ni mgeni wa kula na kuondoka. Kirusi hiki kimekwisha kuchanjiana nawe. Kunenepa kwako hakukukitoa."

Kisha akasema, "Basi shemeji asinikaribie. Lakini wewe usiseme, wifi. Wakijua, wanangu hawatapewa hata maji ya kunywa kwa jirani." Nikamwahidi. Dawa hatukuwa nayo huku kwetu, na watu walikuwa wakiogopa hata kikombe cha mgonjwa.

Siku ya kikao mdogo wangu alivaa shati jipya. Alimtaka kweli, wala si kwa ajili ya desturi peke yake. Wazee wakamwuliza mjane kama amekubali.

"Simtaki," akasema. "Siwezi kulala na mwanamume mvivu, hata shamba la mamake limemshinda."

Watu walicheka. Mdogo wangu alitoka bila kuaga, na mama yangu akamwita mkwewe mwenye kiburi mpaka mwisho. Nilikaa pale nikimwonea wifi uchungu, na kwa kweli nilimheshimu kuliko mtu yeyote kikaoni. Alilima peke yake, bila mkono wa mtu, mpaka ugonjwa ulipomlaza tena.

Mdogo wangu hakwenda kumzika. Leo ana mke, watoto na wajukuu, na mwili wake hauna dosari. Akisikia yule marehemu anatajwa, husema hajapata kuona mwanamke aliyemchukia kiasi kile.