Nani Alipasua Kibuyu cha Mama

Enzi zetu uji haukunywewa na mtu mmoja. Ukimwona mtu amekaa peke yake na kata ya uji, ulijua ni mgonjwa au ni mchoyo, na mchoyo alisengenywa kuliko mgonjwa alivyoombewa. Mama alimimina uji wa wimbi, ule uliochacha mpaka unakukunja uso, ndani ya nusu ya kibuyu, akaiweka kati yangu na kaka yangu Nyaga. Tulikunywa kwa zamu. Mmoja akinywa, mwenzake anakodolea koo lake linavyopanda na kushuka, na ukivuta kwa pupa unapigwa kiwiko cha mbavu. "Mkimaliza pamoja mtashiba pamoja," Mama alikuwa akisema, nasi tulijua maana yake ni kwamba hakuna kuongezwa.

Wa rika langu mtanielewa. Mnaikumbuka ile jikoni iliyojengwa mbali na nyumba kubwa, moshi ukitokea kwenye nyasi za paa kama vile inaungua, na mbuzi amefungwa kona akisikiliza mambo ya watu. Mnakumbuka tulivyokwenda shule bila viatu, umande wa mlimani ukiuma vidole, mpaka tukamfukuza ng'ombe alikolala ili tukanyage pale penye joto lake. Mfukoni viazi vitamu vya kuchoma kwenye jivu, vimepakaa kaptura nyeusi tii, na mwalimu anakuuliza kama umetoka nyumbani au kwenye tanuri la makaa. Jumamosi tulichuma chai mpaka kucha zikawa kahawia. Tulilalamika, lakini tulilalamika wawili.

Mjukuu wangu anasoma chuo kule Nchiru, amepanga chumba na wenzake. Juzi nilimpigia simu nikamwuliza amekula nini. "Smoki na chai, guka," akanijibu, maana babu kwetu ni guka. Nikamweleza habari za uji wa kuchacha, unavyokaa kwenye kibuyu siku kadhaa ukikomaa. Akauliza kwa huruma, "Sasa guka, huo si ulikuwa umeharibika?" Mtoto anakula soseji ambayo hajui ilizaliwa mwaka gani, halafu anauonea uji wangu huruma.

Nyaga alitutoka mwaka huu, kabla ya mvua ndefu. Wazazi walitangulia zamani, na dada yetu pia. Kwa hiyo kati ya wote waliolelewa kwenye jikoni ile, nimebaki mimi, hapa mtaa wa Dallas mjini Embu, kwenye nyumba yenye viti vingi kuliko watu. Majirani ni wazuri, wananisalimia, wananiita mzee. Lakini hakuna hata mmoja wao anayeweza kuniambia, "Hapana, haikuwa hivyo." Sikujua kwamba mtu anaweza kutamani kubishiwa. Nilivyotamani, nilitamani kama chakula.

Kisha mwanawe Nyaga akaniambia kwamba wamebomoa ile jikoni ya zamani, na vyombo vya cucu yao, yaani Mama, wamempa mama mmoja aliyefungua mkahawa wa chai juu kule karibu na msitu, ambaye pia ana kijumba cha makumbusho ya vyakula vya kale. "Hata kile kibuyu kilichoshonwa, baba," alisema. Sikulala vizuri. Jumamosi iliyofuata nikavaa koti na kofia nikaenda, kwa sababu kibuyu kile ndicho kitu pekee kilichobaki duniani kilichotujua sisi wawili.

Mkahawa ni mzuri, siwezi kusema uongo. Uko ukingoni mwa shamba la chai, meza ziko nje, na ukungu unapita kati ya meza kama mgeni anayetafuta kiti. Mwenyewe anaitwa Wanja, mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi ya ofisi mjini. Vijana walikuwa wamejaa. Mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi, umeviringwa kama mpira na kuvishwa jani kichwani, githeri ya mahindi na maharagwe imetiwa kwenye vikombe vya chai, na kila sahani ilipigwa picha mpaka ikapoa. Kando ya makumbusho palikuwa na jiwe la kusagia, na msichana mmoja alikuwa amelipigia magoti akipigwa picha, lakini amekaa upande wa chini, kule unga unakotokea. Angesaga kweli, angejimwagia unga wote mapajani. Nikageuka ili nimwonyeshe Nyaga, na mkono wangu ulikuwa umeshanyooka nilipokumbuka.

Nilikaa kwenye meza ya watu wanne.

"Mko wangapi, mzee?" Wanja akaniuliza.

"Ni mimi tu."

"Basi karibu. Nikuletee chai, ama utajaribu uji yetu ya kienyeji? Watu wanaipenda sana."

Nikasema uji. Akauleta kwenye kata ya kibuyu iliyosuguliwa vizuri, iliyojaa, yangu peke yangu. Ulichacha sawasawa, ingawa haukuwa wa kwetu. Nikanywa nikitazama majani ya chai. Nilipofika katikati nikasimama, nikaishusha, nikaisukuma upande wa pili wa meza. Ilichukua muda kabla sijaona nilichofanya. Wanja alipopita akauliza, "Haijakuwa tamu, mzee?" Nikamwambia ni tamu sana. Nikamwomba anionyeshe vyombo vyake.

Kijumba chenyewe kilikuwa ghala la baba yake. Ndani kuna rafu zenye vinu, mafiga, vyungu, nyungo, na mbele ya kila kitu kadi yenye maelezo. Kibuyu cha Mama nilikitambua kutoka mlangoni. Kina mshono ubavuni, kutoka shingoni hadi tumboni, na mshono ule nilikuwepo ukishonwa.

Tulikuwa tumetumwa kuwapelekea walimaji uji shambani, ng'ambo ya kijito. Kibuyu kilikuwa kizito, tukakibeba wawili, kila mmoja ameshika upande wake wa kamba. Kwenye mteremko kamba ikaachiwa, kibuyu kikabingirika, kikapasuka kwenye jiwe. Nyaga alisema mimi ndiye niliyeachia ili nijikune siafu. Mimi nilisema yeye ndiye aliyeachia akimtazama sungura. Mama hakusikiliza ushahidi wa mtu. "Kilibebwa na wawili, kimepasuka kwa wawili," alisema, akatuchapa sawasawa.

Mtu wa leo angesema kitupwe, kinunuliwe kingine. Lakini kibuyu cha uji kwetu hakikuguswa na sabuni, kilioshwa kwa maji ya moto na changarawe tu, na hakikumalizwa hadi tone la mwisho. Uji uliobaki ndio uliochachusha wa kesho. Utamu wa nyumba nzima ulikuwa umelala mle ndani, na kibuyu kipya kisingekuwa nao. Mama akaagiza nta ya nyuki kwa mjomba wetu wa Gachoka, akatoboa matundu kwa msumari uliotiwa motoni, akashona kwa uzi wa makonge, akaziba kwa nta. Kikafanya kazi miaka mingi.

Lakini kesi yetu haikuzibwa. Kila Krismasi, nyama ikishaliwa, mmoja wetu angesema "siafu" au "sungura," na kesi inafunguliwa upya, wake zetu wakiwa mahakimu na watoto wakiwa wamechoka. Tulizeeka nayo. Niwaambie ukweli, kwa kuirudia mno sikujua tena nilikumbuka tukio lenyewe au nilikumbuka kubishana kwetu. Nadhani hata yeye hakujua. Haikuwa na maana. Ilikuwa njia yetu ya kuulizana kama bado tupo.

Nikaomba kukishika. Wanja akanipa. Nikainamisha uso kwenye mdomo wa kibuyu nikavuta pumzi, na iliyonijia ilikuwa harufu ya vanishi.

"Mmekiosha," nikasema.

"Nilikiosha vizuri na sabuni, mzee, kilikuwa kinanuka. Halafu nikakipaka vanishi, ndio kisioze."

Alisema kwa fahari, maana alikuwa amekihangaikia. "Kinang'aa," nikamwambia, nikakirudisha kwenye rafu kwa mikono miwili.

"Hii ni ya kwenu, si ndio?" akauliza. "Wale vijana walioleta hawakujua story yake. Waliniambia tu watu wawili walipasua, na hawajui ni nani. Watu wanauliza sana hiyo mshono. Nani alipasua, mzee, niandike kwa kadi?"

Akatoa kalamu akasubiri. Nje vijana walikuwa wanacheka. Miaka yote niliitaka hukumu hii, na sasa nilikuwa nimekabidhiwa kalamu ya hakimu, bila mshtakiwa mwenzangu.

"Ni kaka yangu," nikasema. "Nyaga. Alikuwa anatazama sungura."

Kisha nikanyamaza kama nilivyozoea, ili kumwachia Nyaga nafasi ya kubisha. Nikasubiri muda mrefu kuliko ilivyofaa. Wanja akaandika taratibu, kwa herufi nzuri, akaiegemeza kadi kwenye kibuyu.

"Sawa, mzee," akasema. "Asante sana."

Enzi zetu ningeitwa mwongo kabla sijafunga mdomo. Siku hizi lolote nitakalosema kuhusu nyumba yetu ni kweli.