Kwenye Makaburi ya Wafalme, Nimevaa Blanketi Vibaya

Kanisani kwetu Hockley, mjini Birmingham, ghorofani juu ya karakana, kila mwanamke ni mama wa mtu. Kuna Mama Grâce, kuna Mama Josué, kuna Mama Espérance. Mimi ni Zawadi tu. Nimeolewa miaka mingi na mtoto hatujapata, na jina langu likiitwa peke yake hivyo huniuma, ingawa nacheka na kugawa chai kama kawaida.

Mume wangu Teboho ni Msotho. Kwao wakwe ndio humpa bibi arusi jina siku anapoingia nyumbani. Huitwa mama wa fulani, hata kama huyo fulani hajazaliwa. Lakini sisi tulifungia ndoa Birmingham, mama mkwe akanyimwa viza, nami kwa muda mrefu sikuwa na karatasi za kusafiria. Jina langu likabaki Lesotho. Mwaka jana pasipoti ilipotoka, mama mkwe alipiga simu akamwambia mwanawe amlete mkewe, waende wote mlimani Thaba-Bosiu wanakozikwa wafalme, naye mama akamtambulishe kwa wafalme hao.

Tuliondoka nyumbani Kingstanding asubuhi, mvua ya manyunyu ikituaga. Mama Grâce alitupeleka uwanja wa ndege kwa gari lake, akinitania njia nzima.

"Mais Zawadi, batu banaendaka ku plage, weye unaenda ku makaburi?"

"Ufukweni waende wao. Mimi naenda kuchukua jina langu."

"Eeh! Na wakikuuliza mtoto?"

Hilo ndilo nililoliogopa. Vipi kama mama mkwe angenitazama tumbo, akaona jina lenyewe ni hasara?

Johannesburg tulikodi gari tukashika njia ya kusini. Mashamba ya mahindi yalikuwa yamenyauka pande zote mbili. Teboho alisema huo ulikuwa msimu wa mvua, ila mvua yenyewe imegoma. Alasiri tulivuka daraja la mpakani tukaingia Maseru, mji mkuu wa Lesotho, na milima ikaanza kutuchungulia nyuma ya mji.

Mama mkwe alitupokea mlangoni. Ni mfupi, mnene, na kicheko chake kinasikika barabarani. Anaitwa 'Mè 'Mateboho, yaani mama yake Teboho, na jina hilo alipewa akiwa bado bibi arusi. Alitupakulia papa na mboga za majani. Papa ni ugali, jamani! Nilikula nikaongeza, naye akanipigia makofi. Kisha akaniletea blanketi la sufu, zito, jekundu, lenye mistari myeusi. Kuhusu jina hakusema kitu. Nililala nikiwa na shaka.

Asubuhi tulifika chini ya mlima. Kwa mbali Thaba-Bosiu ni kama meza, juu bapa, kando majabali matupu. Kiongozi wetu, dada mmoja aitwaye Lineo, alituambia kwamba wazee husema mlima huu hukua usiku, ndiyo maana maadui hawakuuweza. Njia ni fupi lakini ina mawe, na mimi miguu yangu imezoea basi la kwenda Harborne, ninakofua mashuka ya wagonjwa hospitalini. Mama mkwe alitangulia akiimba, mimi nikafuata nikihema.

Juu upepo ulivuma, nikajitupia blanketi mabegani na kulibana kwa pini kifuani. Sisi wanawake wa Bukavu, Kongo, tunajua kitambaa: pindo huenda chini. Nikaiweka ile mistari ilale chini, ikinizunguka magotini, nikajiona nimependeza kweli. Tukakaribia makaburi. Nilitegemea marumaru na dhahabu. Nikakuta mafungu ya mawe, majani, na ukimya. Mfalme aliyewakusanya Wasotho amelala pale kwa unyenyekevu, na wajukuu zake kando yake. Teboho alivua kofia.

Lineo akanigeukia, akashika mdomo. "Jo! Dada, mistari imelala!"

Teboho alinieleza kwa sauti ya chini. Mistari husimama, kama bua la mahindi. Ikilala, hudumaza. Huzuia kukua, huzuia uzazi.

Mbele ya wafalme wote hao, mimi niliyekuja bila mtoto nimejivika utasa! Nikaanza kulia.

Mama mkwe hakunikemea. Alifungua pini, akaligeuza blanketi mpaka mistari ikasimama, akabana tena kifuani na kulipigapiga taratibu. Wakati huo huo matone yakaanza kudondoka, makubwa, kwenye mawe makavu. Lineo akapiga kigelegele. Mama mkwe akainua mikono, akaiita mvua kwa Kisotho: "Pula!" Kisha akayageukia makaburi, akasema maneno marefu, na Teboho akanitafsiria.

"Anasema: Wakuu, huyu ni mkwe wangu. Ametoka nchi ya mvua, ametuletea. Anaitwa 'Mapuleng. Mama wa Puleng, mtoto wa kwenye mvua."

"Mwambie sina mtoto," nikasema nikishika tumbo.

Mama mkwe hakungoja tafsiri. "Tunajua," Teboho alitafsiri jibu lake. "Nani kakuuliza?"

Tulishuka tumelowa chapachapa, tukicheka kama walevi.

Birmingham tulikuta mvua ikinyesha vilevile, na kwa mara ya kwanza sikuilaani. Jumapili nilivaa blanketi langu kanisani, mistari imesimama, nikawasimulia wenzangu kila kitu. Wengi waliimba na kushangilia. Nimejifunza kwamba kuna watu huweka kiti kabla mgeni hajafika, na hawakikunji akichelewa.

Mama Grâce alikunja uso. "Na huyo Puleng akikosa kuya?"

"Mimi nitabaki mama yake."

Alijifuta jicho kwa ncha ya kitenge, kisha akanielekeza jikoni kwa kidole na kupaza sauti mpaka watoto wakanyamaza:

"Mama Puleng! Chai iko wapi?"

Nikaenda kuileta.