Wiki ya Tarehe 16 Aprili

Mwaka 2024, katikati ya kiangazi cha Sydney, nikiwa na umri wa miaka sitini na mbili, mwanangu wa kwanza na mkewe walinialika chakula cha mchana katika ukumbi mmoja karibu na stesheni ya Quakers Hill. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 13 Januari. Nilivaa vizuri, kwa sababu nilidhani nimealikwa kula.

Kumbe tulialikwa kununua. Kampuni yenye hoteli ndani ya bustani ya michezo, mbali huko kaskazini, ilikuwa ikiuza wiki: unalipia haki ya kukaa humo wiki moja kila mwaka, wiki ileile, mpaka uzeeni. Muuzaji alituwekea sahani za kuku, akaniita mgeni wake wa heshima. Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Mimi nilipewa langu kabla sahani haijaondolewa: kalamu, na mahali pa kutia saini.

Hasira isinifanye nidhulumu. Hoteli ile ilikuwa na uzuri wake. Vyumba vilikuwa na jiko, watoto wangepata mabwawa na mabembea yanayopinduka angani, na wajukuu zangu, ambao nikiwasemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, wangelala chini ya dari moja nami wiki nzima. Mjane haoni jambo hilo kuwa dogo. Niliitazama picha ya bwawa kwa muda mrefu.

Kisha nikauliza ni wiki gani.

"Ya tarehe 16 Aprili," alijibu mwanangu bila kuniangalia. "Shule zinakuwa zimefungwa, Mama."

Mume wangu alifariki tarehe 16 Aprili 2018. Tangu mwaka uliofuata, isipokuwa 2020 tulipofungiwa majumbani, tarehe hiyo tumesoma hitima yake nyumbani kwangu, Mount Druitt. Hitima haina kadi ya mwaliko. Anayekumbuka huja, anayesikia harufu ya pilau naye huja. Jirani yangu Mrundi, ambaye ni Mkristo, huja na viti vyake.

"Dua tutasoma hukohuko," alisema mwanangu.

"Mungu hana anwani, Mama," akadakia mkewe akicheka.

"Hana. Lakini baba mkwe wako anayo, na wanaomkumbuka wanaijua."

Nikamgeukia muuzaji. Kwa Kiingereza nilichokisomea darasani nikiwa na miaka hamsini na moja, nilimwuliza: watu wakija wengi, bila kuandikishwa, watapita mlango gani? Alitabasamu. Chumba ni cha watu sita, alisema, na kila mmoja lazima avae utepe mkononi uliosajiliwa mapema. Asiye na utepe hurudishwa getini.

Kurudishwa getini! Mtu aliyemwosha marehemu wangu kwa mikono yake, arudishwe kwa kukosa utepe! Nilisimama. Muuzaji akanikumbusha, kwa upole, kwamba chakula chao nilikuwa nimekila. Nikamjibu kwamba kwetu sahani ya mgeni haina risiti.

Mwanangu na mkewe walibaki, wakatia saini. Mimi nilikataa gari lao, nikapanda treni, nikabadilisha Blacktown, nikafika nyumbani na viatu vyangu vya karamu vimenibana.

Jumanne mwanangu alikuja kunibembeleza. Nilimmiminia chai.

"Aprili mlango wangu utakuwa wazi kama kawaida," nilimwambia. "Wakiuliza mwana mkubwa wa marehemu yuko wapi, nitasema kweli. Yuko kwenye bembea."

"Mama, usiniaibishe hivyo."

"Nikuaibishe mimi? Nani ataongoza dua ya baba yako, huyo muuza kuku?"

Alitaka kucheka, akashindwa. Chai yake ikapoa. Sheria humpa mnunuzi siku chache za kughairi, naye alizitumia.

Jumatano, tarehe 24 Januari 2024, kampuni ilithibitisha kwa maandishi kwamba mkataba umevunjwa. Mwanangu alinisomea barua hiyo sebuleni. Nikaichukua, nikaisoma tena mwenyewe mpaka mwisho. Wajukuu walikuwa wamenuna, na kununa kwao kuliniuma. Kisha mwanangu akauliza sufuria kubwa ya pilau ya hitima iko wapi. Nilimwonyesha juu ya kabati. Akapanda kiti, akaishusha, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati lake la kazini.