Dakika Tano za Kitasa

Kazi yake ilikuwa kuvunja vitasa. Kila kitasa cha mlango wa mbele kilichoombewa cheti kilipita mikononi mwake kwenye maabara ya viwango: alikichokonoa kwa waya, akakitoboa kwa drili, akakipiga nyundo, huku saa ikihesabu. Kikistahimili dakika tano, kilipata daraja la juu. Kikishindwa, kilirudi kwa mwenyewe. Wenzake walimwita Mwizi Halali, naye alicheka nao, kisha akaenda kula peke yake.

Nyumbani aliishi chumba na sebule. Jirani yake, Mama Pacha, alimwachia ufunguo wa akiba, maana Jumamosi watoto hurudi kabla yake. "Shangazi, tufungulie!" Aliwafungulia, akakaa nao hadi mama yao arudi, na siku hiyo ilikuwa fupi kuliko zote za wiki.

Jumamosi moja Mama Pacha alirudi na boksi, uso umechangamka. "Shoga, kitasa kipya. Ona, nyota tatu!"

Mwizi Halali alikigeuza. Nyota zilikuwepo. Namba ya cheti haikuwepo.

"Nyota mtu yeyote anachora, dada. Namba ndiyo unayoulizia ofisini, wakwambie kitasa kilipimwa lini na kilistahimili nini."

"Kwa hiyo nimeuziwa feki?"

Angejibu ndiyo, yakaisha. Badala yake akachukua waya mbili. Mapacha wakaanza kuhesabu kwa sauti, na hawakufika ishirini, kitasa kikafunguka. Wakashangilia. Mama yao hakucheka. Alikuwa akiitazama mikono ya jirani yake.

"Kumbe ni rahisi hivyo," alisema taratibu.

Wiki iliyofuata fundi alifunga kitasa chenye cheti, alichokichagua Mwizi Halali mwenyewe, kwa skrubu ndefu, maana kitasa imara kwenye fremu legelege ni kazi bure. Mama Pacha alishukuru sana. Ufunguo wa akiba akampa mama wa ghorofa ya chini.

"Sikutaka kukusumbua, una kazi nyingi," alisema, akiangalia pembeni.

"Hamna shida, dada."

Hakumlaumu. Naye angekuwa na watoto, labda angewaza kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Lakini Jumamosi zikawa ndefu. Alifua nguo zilizo safi, akapiga pasi hadi mashuka.

Mwaka uliofuata alihamia mtaa mwingine. Majirani wapya walipomuuliza anafanya kazi gani, aliwaambia anakagua vyuma.