Baruti Mbili Katika Kopo Moja la Aiskrimu

Lyle Tveit alikuwa chini ya basi la shule, akikaza boliti, simu ilipomletea habari kwamba bahati nasibu ya serikali ya jimbo letu la Montana, Marekani, imempa kibali cha kuwinda kondoo dume wa milimani. Aliinuka ghafla, jambo ambalo fundi mwenye uzoefu hapaswi kufanya akiwa chini ya basi. Alifika mlangoni kwangu na nundu kwenye paji la uso, akicheka mpaka machozi, hawezi kusema. Nilidhani kafiwa.

Ni lazima nieleze furaha hiyo. Watu wa mji wetu wa Brenner huanza kuomba kibali hicho wakiwa vijana na huzikwa bado wanaomba. Ukikipata mara moja, busara ni kutotarajia kukiona tena. Maana yake, Lyle alikuwa na vuli moja, dume mmoja na, kwa jinsi kondoo wale walivyo na macho makali, risasi moja.

Na risasi hiyo ilipaswa kutengenezwa. Hapa kwetu mtu anayejiheshimu hailishi bunduki yake chakula cha dukani. Hukaa gereji na mizani ndogo kama ya sonara, akatia kiwashio kwenye kitako cha ganda la shaba, akamimina baruti, akashindilia kichwa cha risasi juu yake. Bunduki ya Lyle ni magnum. Ganda lake ni kubwa, kwa hiyo linataka baruti inayoungua polepole, inayosukuma badala ya kupiga kofi. Lakini baruti za polepole ziko nyingi, na kila moja ina waumini wake. Nimeona watu wa Brenner wakihama dhehebu bila kelele. Sijaona aliyehama baruti kimyakimya.

Lyle alikuwa na baruti yake ya siku zote, isiyo na makuu. Shemeji yake, Dwight Kolstad, muuza vipuri vya matrekta, alikuja na kopo la baruti mpya, kalikumbatia kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

"Shemeji, achana na hilo vumbi la babu yako," alisema. "Hii ina mbio!"

"Vumbi hili limenilisha nyama tangu nimuoe dada yako."

"Basi limemlisha na yeye. Muulize kama alifurahia."

"Mimi nipo hapa hapa, Dwight," alisema Arlene, mke wa Lyle, "na sijaombwa ushahidi."

Mwezi wa Julai tulikwenda kwenye shimo la kokoto, jua likichoma. Risasi tatu za baruti mpya zilitoboa karatasi ya shabaha mahali pamoja, matundu yakigusana. Za baruti ya zamani zilikaa ndani ya duara la kisosi cha chai. Dwight alibusu karatasi. Lyle, mtu mzima mwenye maumivu ya goti, alicheza dansi kwenye kokoto, na goti halikulalamika mpaka kesho yake.

Nilidhani yameisha. Kumbe usingizi ulimruka. "Kondoo ni wa Novemba," aliniambia juu ya uzio. "Nimeijaribu baruti ikiwa likizoni. Nitajuaje tabia yake kwenye theluji?" Maana ziko baruti ambazo baridi huzilegeza, risasi ikaenda taratibu na kuanguka chini ya ulipolenga.

Akaanza upya. Alitengeneza risasi za baruti zote mbili, akapaka vitako vyake rangi ya kucha ya Arlene: nyekundu kwa ya Dwight, zambarau kwa ya zamani. Kisha akazitia ndani ya kopo tupu la aiskrimu ya vanila, akaliweka kwenye friza, katikati ya makopo mengine ya aiskrimu ya vanila. Alipanga kuzipiga Jumapili alasiri. Hakumwambia mkewe.

Jumapili hiyo kulikuwa na chakula cha pamoja kanisani, kila nyumba ikileta sahani yake. Arlene alileta pai ya tufaha na, bila shaka, kopo. Mchungaji Solveig Aune, mwenye mkono mkubwa wa kupakua, alifungua mfuniko, akainua risasi moja yenye kitako chekundu.

"Lyle," alisema kwa upole, "hii ni ladha gani?"

Arlene alimtazama mumewe jinsi mtu anavyotazama gari lililomzimikia njiani. Halafu sauti ya bibi mmoja ikatoka meza ya nyuma: "Nyekundu ni baruti gani?"

Watu wakasimama. Viti vikaanguka. Kila mtu alitaka kuona, na kila mtu alikuwa na maoni.

"Msizishike!" alipiga kelele Lyle. "Zinapata joto! Kazi yote inaharibika!"

"Basi mnangoja nini?" alisema Mchungaji. Akamwaga vipande vya barafu vya juisi ndani ya kopo, akalifunga kwa kitambaa cha meza, akalikumbatia na kutangulia mlangoni. Pai ziliachiwa nzi. Bunduki ilikuwa kwenye gari la Lyle, na hakuna aliyeuliza kwa nini imekuja kanisani.

Pale shimoni, waumini wamejipanga na suti zao, Lyle alipiga nyekundu. Zilitua upana wa kiganja chini ya alama, zimetawanyika kama kuku.

"Upepo," alisema Dwight.

"Upepo gani, mjomba?" aliuliza mtu. "Hata kofia ya mama yako imetulia."

Zambarau zikaingia kwenye kisosi kilekile cha Julai. Mchungaji alisema "Amina!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia akiwa mimbarini.

Novemba tulipanda mlimani watatu, Lyle, Dwight na mimi, kwa baridi ya kugandisha ndevu. Lyle alikuwa amejiandaa kwa umbali wa kutisha. Tulizunguka mwamba kwa magoti, na dume alikuwa amesimama pale, mbali nasi kama mimbari ilivyo mbali na kinanda, hatua chache tu. Alitutazama kwa mshangao. Lyle akafyatua ile ya zambarau.

Dume akaanguka palepale. Kisha Lyle akaanza kucheka, akainuka, akacheza kwenye theluji na goti lake bovu, nasi tukacheza naye.

"Shemeji," alisema Dwight akijifuta machozi, "kwa hapa ungempiga na kopo lenyewe."

Jumapili iliyofuata Mchungaji alimshika Lyle mkono mlangoni, watu wakiwa wamesogea kusikiliza. "Tuambie. Baruti ilifanyaje kwenye baridi?"

"Risasi haikushuka hata kidogo," alisema Lyle.

Macho yote yakamgeukia Dwight. Akavua kofia.

"Nilikuwepo," alisema. "Hata kidogo."